GPS ya pikipiki ina thamani ya pesa yake? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Maswali haya yanatoka kwa waendesha pikipiki wa Tanga: wa kijiweni Kange, wanaopeleka vifurushi Muheza na Mkinga, wanaobeba wageni kwenda Amani, na wale wanaopanda pikipiki Jumapili hadi Pangani kwa sababu wanaipenda tu barabara. Tumeyajibu kwa bei, hali ya hewa na njia za huku kwetu. Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa mtu mwenye pikipiki kubwa kwenye lami ya Ulaya, na mwenye Boxer anayepita Maramba mwezi wa Aprili haumfai sana.

GPS mnayoizungumzia ni ile inayofungwa pikipiki isiibiwe?

Hapana. Ile ni kifaa cha kufuatilia. Kinafichwa chini ya siti, kina laini ya simu ndani yake, na kinakutumia ujumbe wa mahali pikipiki ilipo. Hapa tunazungumzia kifaa chenye kioo, kinachokaa kwenye usukani na kukuonyesha njia. Hiki hakina msaada wowote pikipiki ikiibiwa.

Kama pesa yako inatosha kimoja tu na pikipiki hiyo ndiyo inayokulisha, nunua cha kufuatilia kwanza.

Nipe jibu fupi: ninunue au nisinunue?

Wengi wetu Tanga tusinunue. Simu iliyofungwa vizuri, yenye ramani iliyopakuliwa mapema, inatosha mjini na kwenye barabara kuu zote za mkoa. Anayepaswa kuifikiria kwa uzito ni yule anayesafiri siku nyingi mfululizo, jua na mvua, kwenye njia asizozijua, hasa akiwa ana watu nyuma yake wanaomtegemea awafikishe.

Inagharimu kiasi gani hasa?

Chukua mfano wa vifaa vya kampuni ya Garmin: Zumo XT, yenye kioo cha inchi 5.5, ilitoka mwaka 2020 ikiuzwa Marekani kwa takribani dola 500. Zumo XT2, yenye kioo cha inchi 6, ilifuata mwaka 2023 kwa takribani dola 600. Dola 600 kwa shilingi zetu ni kama milioni moja na nusu, kutegemea dola iko wapi siku hiyo, na hapo hujalipa usafiri wala kodi. VAT peke yake ni asilimia 18. Kwa pesa hiyo umeshafika mbali katika safari ya kununua pikipiki nyingine ya kazi, na hilo ndilo linalonifanya nimwombe kila anayeniuliza aende polepole.

Holda nzuri ya simu, chaja ya kufunga kwenye pikipiki na ramani ya bure, ukivijumlisha vyote, havifiki hata sehemu ya kumi ya bei hiyo.

Siku hizi kuna njia ya katikati pia: vioo vya kufunga kwenye usukani vinavyotumia Apple CarPlay au Android Auto. Kioo kinaonyesha ramani ya simu huku simu yenyewe ikiwa mfukoni, haipati jua wala mvua. Bei yake iko chini sana ya Zumo. Kumbuka tu kwamba simu ndiyo inayofanya kazi yote, kwa hiyo ikiisha chaji, kioo kile hakina cha kuonyesha.

Si simu yangu nayo ina GPS? Tofauti iko wapi?

Ina, na ni nzuri. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani na zinaizunguka dunia kwenye urefu wa kilomita 20,200 hivi. Kifaa chako hakizitumii chochote, kinasikiliza tu saa zake, na kikizipata angalau nne kinaweza kupiga hesabu ya mahali kilipo. Simu nyingi za sasa zinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Kwa makadirio ya serikali ya Marekani yenyewe, simu ikiwa mahali pa wazi kwa kawaida hukosea kwa mita tano tu au pungufu. Hiyo inatosha kabisa kujua kama uko kwenye barabara ya Muheza au umeshaingia shambani.

Kwa hiyo usilipe milioni moja na nusu ukitarajia kifaa kitakachojua zaidi ya simu mahali ulipo. Pesa ile inaenda kwenye mwili wa kifaa. Kioo cha Zumo XT kina mwanga wa niti 1,000, unakisoma saa saba mchana bila kukikinga kwa mkono. Kinakubali kidole chenye glavu. Kina kiwango cha IPX7, yaani kinastahimili kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Kishikio chake kinapitisha umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ya pikipiki, huhitaji kuchomeka waya kwenye tundu la chaji likaingia maji. Kimetengenezwa kitikiswe. Simu ilitengenezwa ikae mfukoni na mezani.

Basi swali la kujiuliza ni dogo kuliko linavyoonekana: je, simu yangu inashindwa na usukani wa pikipiki kiasi cha kunikwamisha? Kama haijawahi kukushinda, hujapata sababu ya kununua.

Bila bando inafanya kazi?

Simu na kifaa maalumu, vyote viwili vinafanya kazi. Kupokea setilaiti hakuli bando hata kidogo. Kinachokula bando ni picha ya ramani, na ramani unaweza kuipakua nyumbani. Google Maps inakuruhusu kuhifadhi eneo. Programu za Organic Maps na OsmAnd zinapakua ramani na kukupigia njia bila mtandao wowote, na Organic Maps haina matangazo wala haikufuatilii. Mimi ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza.

Kuna jambo moja linalowatia watu hofu. Ukiwasha simu mahali pasipo na mtandao, baada ya kuizima muda mrefu au kusafiri nayo mbali, inaweza kukaa dakika kadhaa kabla ya kukuonyesha ulipo. Haijaharibika. Kwenye mtandao simu huletewa ratiba ya setilaiti kwa haraka. Bila mtandao inabidi iisome kutoka kwenye setilaiti zenyewe, na hizo hutuma data kwa kasi ya biti 50 tu kwa sekunde. Taarifa za setilaiti moja zinahitaji nusu dakika ya usikivu usiokatika, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Simama mahali peupe, si chini ya mwembe, uiache itulie. Bora zaidi, iwashe ukiwa bado mjini.

Nikiwa naelekea Segera mchana simu ilififia kioo, kisha ikagoma kuchaji. Ni ubovu?

Ni joto. Apple inasema iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi joto 35, na simu za kampuni nyingine haziko mbali na hapo. Tanga kati ya Januari na Machi kivulini tu tunapita nyuzi 30. Kioo cheusi kilicholala juani kwenye usukani, kikiwaka mwanga wote, huku betri inachajiwa na kifaa kinapiga hesabu ya njia, kinapita kiwango hicho upesi. Simu inajilinda: kwanza inapunguza mwanga, kisha inakataa chaji, mwisho inakuletea onyo na kusimama.

Unachoweza kufanya bila kununua chochote ni kutoa kava ili upepo uipige mgongoni. Zima kioo kwenye barabara iliyonyooka, maana toka Tanga hadi Segera huna kona ya kutafuta, usikie tu sauti. Chaji simu ijae kabla ya kuondoka badala ya kuichaji njiani saa nane mchana. Na usiifungie kwenye ule mfuko wa plastiki wenye dirisha juani. Mfuko huo unazuia mvua, lakini pia unazuia upepo, na simu inaiva humo ndani.

Hapa ndipo kifaa maalumu kinapojitetea vizuri kuliko mahali pengine popote. Kama kazi yako ni ya mchana kutwa, miezi yote ya kiangazi, na simu inakugomea kila mara baada ya kujaribu hayo yote, hoja yako ya kununua ina miguu.

Na mvua je?

Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba zinaleta matatizo mawili tofauti. La kwanza ni kwamba matone yanaonekana kwa kioo cha simu kama vidole. Ramani inajivuta, inajifunga, inabonyeza vitu. La pili ni tundu la chaji: maji yakiingia huku waya una umeme, kutu inaanza, na hewa yetu ya chumvi inaiharakisha.

Simu yako inaweza kuwa na kiwango cha kuzuia maji cha IP68 kwenye boksi. Lakini kama iliwahi kufunguliwa na fundi, kubadilishwa kioo au betri, ichukulie kama isiyozuia maji. Gundi ile ya kiwandani ikishatoka ni nadra irudishwe vilevile.

Kwa mvua ya njia moja kutoka Chumbageni hadi Pongwe, weka simu mfukoni ukamilishe safari. Kwa mvua ya siku nzima milimani, hapo unahitaji kifaa kilichotengenezewa maji.

Ni kweli pikipiki inaharibu kamera ya simu?

Ni kweli, na si maneno ya mtaani. Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini zenye nguvu nyingi, unaopita kwenye fremu na usukani, unaweza kudhoofisha vifaa vidogo vinavyotuliza picha na kulenga kamera. Kwa pikipiki ndogo walisema mtetemo ni mdogo zaidi, lakini bado wakashauri holda yenye mpira wa kupunguza mtetemo na kuepuka matumizi ya muda mrefu. Boxer ya 150 si injini kubwa, ila barabara zetu za vumbi zenye matuta madogo madogo zinaongeza mtikisiko wa aina yake. Simu ya bei kubwa isikae kwenye usukani kila siku. Simu ya bei ndogo yenye kamera ya kawaida haina cha kupoteza sana.

Ramani ya Garmin ni bora kuliko ya kwenye simu?

Swali hili ndilo ningependa kila mnunuzi aanze nalo, na huulizwa mwisho, baada ya pesa kutoka.

Kwa barabara kuu hakuna tofauti ya kukuhangaisha. Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Lushoto; au kaskazini hadi Horohoro; au kusini hadi Pangani: ramani yoyote inakufikisha, na hata bila ramani vibao vinakufikisha. Tofauti inaanza unapotoka barabarani. Njia za vijiji vya Mkinga, njia za mlimani kuelekea Amani, vijia vya Usambara Magharibi juu ya Lushoto. Huko ubora unategemea kama kuna mtu aliyewahi kuipita njia ile na kuichora. Hauhusiani na bei ya kifaa.

OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, inachorwa na watu wa kawaida duniani kote, na ndiyo ramani iliyo ndani ya Organic Maps na OsmAnd. Tanzania imebahatika kuwa na wachoraji wengi. Kazi ya Ramani Huria ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015 kwa ajili ya kukabili mafuriko, iliwafundisha vijana wengi kuchora. Tracks4Africa ya Afrika Kusini nayo inatengeneza ramani ya bara letu kutokana na njia zilizorekodiwa na wasafiri, na inaingia kwenye Garmin. Hata OpenStreetMap yenyewe inaweza kuwekwa kwenye Garmin bure, kwa kadi ya kumbukumbu. Maana yake ni kwamba mwenye Garmin wa milioni moja na nusu na mwenye simu ya laki moja na nusu wanaweza kuwa wanaangalia ramani ileile, yenye makosa yaleyale.

Na makosa yapo. Mashamba ya mkonge ni mfano mzuri. Kati ya vitalu kuna njia za trekta zilizonyooka, na kwenye ramani zinaonekana kama barabara halali. Programu inayotafuta njia fupi inakuingiza humo kwa furaha. Ukifika unakuta geti, au njia imemezwa na majani, au mfereji umekata katikati. Kabla ya kuondoka, ingia kwenye mipangilio uchague kuepuka barabara zisizo na lami kama huna sababu ya kuzipita, kisha itazame njia nzima kwa macho yako. Ukiona kona ya ajabu inayokuokolea kilomita mbili, iwe kwenye simu au kwenye Zumo, iulizie kwanza.

Kuuliza nako kuna namna yake. Usimwulize mzee aliyekaa kibarazani, "Shikamoo babu, njia hii inakwenda Maramba?" Wengi watakuitikia ndiyo kwa uungwana tu. Uliza, "Naomba unielekeze, ya Maramba ni ipi?" halafu unyamaze usikilize. Ongeza na "Imepitika baada ya mvua hii?" Hilo la mwisho hakuna kifaa kinachouzwa popote kitakachokujibu.

Mimi ni bodaboda wa mjini. Naihitaji?

Hapana. Ngamiani ina barabara za namba, abiria anakwambia Barabara ya 8 au ya 14 na mmeelewana. Raskazone, Sahare, Mikanjuni unazijua. Tangu mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, mitaa iliwekewa vibao na nyumba zikapewa namba, na serikali ina mfumo wa anwani za makazi unaoitwa NaPA unaofunguka kwenye simu. Tumia pesa yako kwenye matairi na helmeti ya abiria.

Napeleka vifurushi vijijini. Mteja anasema tu "ukifika Mji Mpya uliza".

Mwombe akutumie lokesheni kwa WhatsApp akiwa amesimama mlangoni kwake, si akiwa sokoni. Majina ya vijiji na vitongoji yanajirudia mno, Mji Mpya ziko nyingi nchini, na ramani inaweza kukuchagulia isiyo yako. Ukiwa bado na mtandao, fungua lokesheni hiyo, ihamishie kwenye Organic Maps na uiwekee nyota. Baada ya mwezi utakuwa na orodha ya wateja wako yenye thamani kuliko kifaa chochote, na ukiihifadhi kama faili inaenda na wewe hata ukibadilisha simu. Kifaa maalumu hapa hakikuongezei kitu, kwa sababu lokesheni inaingia kwa WhatsApp, nayo iko kwenye simu.

Nabeba au naongoza wageni kwa pikipiki: Amani, Lushoto, Pangani hadi Saadani. Mnanishauri nini?

Wewe ndiye ninayeweza kukwambia nunua, ukiwa na kazi ya kutosha kurudisha pesa.

Fikiria simu yako inafanya nini katika safari kama hiyo. Ndiyo ya kupiga kwa mwenye nyumba ya wageni Lushoto. Ndiyo inayolipa mafuta Mombo. Ndiyo ya kumwita fundi, ya kupiga picha za wageni, ya kuita msaada mtu akianguka. Ukiifanya pia kuwa ramani, juani, kwenye matuta, saa nane kwa siku, halafu ikazima jioni kwenye kona za kupanda Lushoto, umepoteza vyote kwa pamoja. Kutenganisha ramani na mawasiliano ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuwa na kifaa cha pili, kuliko niti na kuliko IPX7.

Kwa kazi hii kifaa maalumu kina faida nyingine. Unapanga safari nyumbani kwenye kompyuta, unaihifadhi kama faili la njia linaloitwa GPX, na kila kiongozi anabeba njia ileile. Kinarekodi mlikopita, na ukungu ukishuka Amani mnaweza kurudi kwa alama zenu wenyewe. Ujue tu kwamba chini ya miti mikubwa ya Usambara Mashariki na kwenye mabonde membamba, mawimbi ya setilaiti yanadhoofika au yanagonga ukuta wa mlima kabla ya kukufikia. Alama yako itaruka pembeni ya njia, kwa Garmin na kwa simu vilevile. Subiri kidogo mahali peupe, usikimbilie kugeuza.

Kuhusu kusini, kuwa mwangalifu. Kwenye ramani kivuko cha Pangani kwenda Bweni ni mstari tu kama barabara. Haikuambii pantoni iko upande gani wala safari ya mwisho ni saa ngapi. Ujenzi wa barabara ya pwani nao umeleta michepuko inayohamahama. Na ukielekea Saadani, programu inaweza kukupitisha kwenye njia za ndani ya hifadhi ya taifa, mahali penye tembo na penye masharti yake kuhusu pikipiki. Piga simu langoni kabla hujawaahidi wageni chochote.

Kama sinunui GPS, kifaa cha pili kiwe nini?

Simu iliyotumika, ya Android, isiyo na laini. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu zuri kuliko yote kwa mtu wa Tanga, na nashangaa linavyosahaulika. Tafuta yenye betri inayokaa, kioo kinachong'aa, na ikiwezekana ambayo haijafunguliwa. Kabla ya kulipa, weka Organic Maps, pakua ramani ya mkoa, washa hali ya ndege, toka nje ya duka na uone inachukua muda gani kukupata. Ikishindwa kabisa baada ya robo saa mahali pa wazi, irudishe.

Futa kila kitu kisichohitajika. Isiwe na WhatsApp wala akaunti ya pesa. Ikianguka Mkanyageni au ikilowa Magoroto, umepoteza ramani tu.

Umeme niutoe wapi?

Chukua chaja ya kubadilisha volti 12 kuwa 5, yenye fyuzi, na mwambie fundi aiunganishe baada ya swichi ya ufunguo. Ukizima pikipiki na chaja izime. Hesabu yake ni hii: kifaa kinachokula wati 10 kinavuta karibu ampia 0.8 kwenye volti 12. Betri ndogo ya ampia-saa 5, ikiachwa hivyo injini ikiwa imezimwa, ndani ya saa sita hivi imeisha. Asubuhi selfu haitaitika. Zumo huja na waya wake wa kufunga kwenye pikipiki, na kanuni ni ileile.

Waya usipite karibu na shingo ya usukani bila nafasi ya kugeuka. Utakatika ndani kwa ndani na utamlaumu aliyekuuzia chaja.

Naweza kusikiliza maelekezo kwa sikio?

Ndiyo, na ni salama kuliko kukodoa macho kwenye kioo. Sikio moja tu, sauti ya chini, jingine libaki kwa ajili ya malori. Kuandika mahali unapokwenda ufanye umesimama.

Vipi vile vidude vidogo, eTrex na vya mshale?

Garmin eTrex 22x inafaa kutajwa: kioo kidogo cha inchi 2.2, betri mbili za AA zinazopatikana dukani popote, na inaweza kukaa hadi saa 25. Ilitoka kwa takribani dola 200. Haisomeki vizuri ukiwa kwenye mwendo, lakini kwa mtu anayeacha pikipiki na kuendelea kwa miguu msituni ni kifaa cha kuaminika sana. Beeline Moto, inayokuonyesha mshale na umbali, ni nzuri kwa macho lakini inaitegemea simu.

Dada yangu yuko Uingereza, anasema ataniletea Zumo iliyotumika kwa bei poa.

Mwulize mambo matatu kabla hajatoa pesa. Ramani iliyomo ni ya wapi? Zinazouzwa Ulaya aghalabu huja na ramani za Ulaya, na za Tanzania utaziongeza mwenyewe. Kishikio na waya wa pikipiki vimo? Ni vya aina yake peke yake, na kuvipata Tanga peke yake ni kazi. Na mwenye nacho amekiondoa kwenye akaunti yake? Vikiwa sawa vyote, mwambie dada asante.

Naweza kurekebisha ramani mwenyewe nikikuta imekosea?

Unaweza, na nakusihi ufanye. Ndani ya Organic Maps unabonyeza mahali, unaongeza duka la spea, zahanati, msikiti, kisima, na kwa akaunti ya bure ya OpenStreetMap taarifa yako inaingia kwenye ramani ya wote. Kuchora njia mpya kunafanyika kwenye tovuti yao, kwa kutumia safari uliyorekodi. Andika unachokijua kwa macho yako, usinakili kutoka Google, maana hairuhusiwi.

Waendesha pikipiki wa mkoa huu wanazijua njia ambazo hakuna gari la mpimaji lililowahi kuzifika. Kama kila kijiwe kingechora njia zake, kuanzia Horohoro hadi Mkwaja, mgonjwa wa usiku angefuatwa upesi zaidi na dereva mgeni asingepotea. Kazi hiyo haihitaji kifaa cha dola 600.

Nikishainunua, naweza kuiacha kwenye usukani nikiingia msikitini au kula?

Itoe uende nayo, kila mara, hata kwa dakika mbili. Kishikio kimetengenezwa kifunguke kwa sekunde, na hakimwangalii anayekifungua.